Bell wa Karamoja: Mwindaji aliyechagua risasi ndogo

NILIPOKUWA mwanafunzi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, sisi watoto tulikuwa na mchezo ambao hakuna mwalimu aliyetufundisha. Bunduki ikilia usiku ng'ambo ya mto mkavu, kila mmoja wetu alitakiwa kutaja aina yake kabla haijalia tena. Hii ni AK. Hiyo ni G3. Aliyekosea alichekwa mpaka asubuhi. Nilifika pale mwaka 1992 nikiwa na umri wa miaka 10, na nakiri kwamba niliijua milio ya bunduki kabla sijaijua hesabu ya kuzidisha.

Mchezo huo niliukumbuka hivi karibuni katika kibanda cha chai pale Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, ambako wasafiri na wafanyabiashara husubiri karatasi zao zigongwe mihuri. Vijana wawili walikuwa wakibishana kuhusu silaha. Mmoja alishikilia kwamba bunduki bora ni ile yenye risasi kubwa, basi. Mwenzake alisema inategemea kazi. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa samaki wakavu, alikuwa akiwasikiliza kimya. Aliposikia watu wakiniita mwalimu, akanigeukia na kuniuliza ni nani kati yao aliyekuwa na haki.

Nilimjibu kwamba swali hilo lilishughulikiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena katika nchi hizi hizi zetu, na mtu wa Scotland aliyeitwa Walter Bell. Mzee akataka nimsimulie, lakini lori lake likaitwa, akaondoka na kikombe kikiwa nusu. Makala haya ni deni langu kwake.

Habari za Bell nilizipata Kakuma kwa bahati. Katika sanduku la vitabu vya msaada nilikuta kitabu kisicho na jalada, chenye michoro ya ndovu iliyochorwa na mwandishi mwenyewe. Kiingereza chake kilinishinda mahali pengi, lakini niliona jina la Karamoja, nchi iliyokuwa ng'ambo tu ya milima ya magharibi mwetu, na niliona jina la Lado, ambako ndiko nyumbani kwetu. Kitabu hicho nilikisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha darasani.

Yatima aliyeikimbia shule

Walter Dalrymple Maitland Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh, katika familia yenye mali. Mali haikumkinga na uyatima. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 2, na baba yake alimfuata mtoto akiwa na miaka 6. Kaka zake wakubwa ndio waliomlea. Shule hakuipenda hata kidogo. Alitoroka zaidi ya shule moja, na alipofikisha miaka 13 aliingia baharini kufanya kazi melini. Mimi niliyesoma chini ya mti, daftari moja tukigawana watu watatu, nilipofika ukurasa huo nilimkasirikia sana.

Mwaka 1896, akiwa bado kijana wa miaka 16, alifika Afrika Mashariki. Wakati huo Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Uganda, na simba walikuwa tishio kwa vibarua. Bell alipata kazi ya kuwapiga simba hao. Bunduki aliyokuja nayo ilikuwa ya risasi moja moja, kaliba .303, kazi ya fundi Fraser wa Edinburgh. Kwao kwenye baridi ilikuwa bunduki nzuri. Katika joto la huku, maganda yalinata ndani ya mtutu baada ya kupiga, na kuyatoa ilikuwa kazi. Hebu fikiria, msomaji: simba yuko mbele yako, umepiga moja, na ganda limekwama.

Hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza, na alilishika maisha yake yote. Kabla ya kuuliza bunduki ina risasi kubwa kiasi gani, uliza kama italia mara ya pili.

Kutoka hapo alikwenda kaskazini ya mbali ya Kanada, eneo la Yukon, kulikokuwa na mbio za dhahabu. Dhahabu haikumtajirisha. Akageukia kuwinda wanyama na kuwauzia nyama wachimbaji wa mji wa Dawson, safari hii kwa bunduki ya kaliba .360. Mwenzake katika biashara akatoweka na fedha zote. Wasomaji wanaofanya biashara mpakani hawahitaji maelezo zaidi juu ya jambo hilo.

Ili apate njia ya kurudi Afrika, alijiunga na askari wa farasi wa Kanada waliokuwa wakipelekwa katika Vita vya Makaburu. Huko farasi wake alipigwa risasi akiwa amempanda, yeye akatekwa, kisha akatoroka. Vita vilipomalizika mwaka 1902, alishika njia ya kaskazini, kuelekea Kenya na Uganda, kutafuta pembe za ndovu.

Kaliba ni nini

Kabla sijaendelea, yafaa nilieleze neno hili kaliba, maana vijana wa Elegu walikuwa wakilitumia kila mmoja kwa maana yake. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu ambamo risasi hupita. Waingereza wa zamani waliupima kwa sehemu za inchi, ndiyo maana wakasema .303 au .450. Wajerumani na majirani zao waliupima kwa milimita. Kwa hiyo .303 ya Waingereza ni kama milimita 7.7.

Lakini upana wa tundu hausemi yote. Kalashnikov ambayo sote tunaijua ina tundu la milimita 7.62. G3 nayo ni 7.62. Hata hivyo ganda la G3 ni refu zaidi na lina baruti nyingi zaidi, kwa hiyo hazilii sawa wala hazipigi sawa. Sisi watoto wa Kakuma tulizitofautisha tukiwa tumelala.

Tangu zamani watu wamechagua kaliba kwa kuangalia kazi. Mmarekani Samuel Colt, ambaye bastola zake za kasha la kuzunguka zilipata hataza nchini kwake mwaka 1836, baadaye aliwauzia wateja wake kaliba .31 ya kutia mfukoni, .36 ya kuvaa kiunoni, na .44 nzito iliyofaa kubebwa juu ya farasi. Kila mahali pa kuibeba palikuwa na kipimo chake.

Kwa ndovu, wawindaji wengi wa siku za Bell walikuwa na jibu moja tu: chukua kubwa. Walinunua bunduki za mitutu miwili za kaliba .577 na hata .600. Risasi moja ya .577 ilikuwa na uzito wa gramu 48 hivi, na bunduki yenyewe ilifika kilo 6. Ile ya .600 ilirusha risasi ya gramu 58, na bunduki ilizidi kilo 7. Teke lake begani liliweza kumyumbisha mtu mzima. Wengi hawakuibeba wenyewe. Walimwajiri mtu wa kuibeba, wakawa wanaipokea dakika ya mwisho.

Safari za Karamoja

Bell aliingia Karamoja akitokea Mumias, ambayo zamani hizo ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya Waswahili. Akaupita Mlima Elgon, akafika Manimani, kijiji cha wafanyabiashara wa pembe, wengi wao Waswahili. Serikali ya Uganda ilikuwa bado haijaweka utawala wake huko. Pembe zilinunuliwa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao mara nyingi walikuwa wameporwa kwa jirani. Wakati huo huo wafanyabiashara kutoka Uhabeshi walileta bunduki, hasa zile za Kifaransa ziitwazo Gras, zenye tundu la milimita 11, na kuzibadilisha kwa pembe. Njia iliyotoa pembe ndiyo iliyoingiza bunduki.

Bell alikuja na desturi tofauti. Alitangaza kwamba atakayemwonyesha madume makubwa atapewa ng'ombe jike, na aliitimiza ahadi. Nyama ya ndovu aliwaachia wanakijiji. Katika nchi ambako mgeni mwenye bunduki alimaanisha kijiji kuchomwa, habari hiyo ilienea haraka, na watu wakaanza kumletea taarifa kutoka mbali. Rafiki yake mkubwa na mfuataji wake wa nyayo alikuwa Mkaramojong wa Bokora ambaye Bell aliliandika jina lake Pyjalé. Ukikisoma kitabu kwa makini utaona kwamba bila Pyjalé kusingekuwa na Bell wa Karamoja. Jina lililobaki midomoni mwa wawindaji wa dunia, hata hivyo, ni la Bell peke yake.

Kwa hesabu yake mwenyewe, kila dume mmoja aliyemwangusha alimgharimu wastani wa kilomita 117 za kutembea kwa miguu, na katika mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu. Hapa ndipo uzito unapoingia. Mama anayevusha mzigo wa vitenge kichwani anajua kwamba kilo 3 na kilo 7 si tofauti ndogo ukifika kilomita ya 20. Bell hakutaka kubebewa bunduki yake. Ndovu katika nyasi ndefu haonekani mpaka umemkaribia hatua chache, na wakati huo bunduki inatakiwa iwe mkononi mwako, si mkononi mwa mtu aliye nyuma yako, ambaye huenda ameshakimbia.

Fuvu lililopasuliwa kwa msumeno

Jambo lililomfanya Bell awe Bell ni hili. Alichukua fuvu la ndovu, akalipasua kwa msumeno katikati, ili aone kwa macho yake ubongo ulikokaa.

Kichwa cha ndovu ni kikubwa kama pipa, lakini sehemu kubwa ya ukubwa huo ni mfupa wenye vyumba vyumba vya hewa, mfano wa sega la nyuki. Ubongo wenyewe ni mdogo ukilinganisha na kichwa, na umefichwa chini na nyuma. Mtu asiyelijua hilo hupiga kichwa akidhani amepiga ndovu. Risasi kubwa ikipita pembeni mwa ubongo humwangusha mnyama kwa mshtuko, mwindaji akafurahi, kisha ndovu huinuka na kwenda zake na jeraha. Risasi kubwa ilikuwa ikiwasamehe wawindaji kosa lao kwa dakika moja tu.

Bell alifanya jaribio ambalo mwalimu yeyote wa sayansi angelisifu. Alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya kaliba .450/.400 ya Jeffery, yenye risasi ya gramu 26, na alikuwa na bunduki nyepesi ya milimita 7, iliyotengenezwa na Rigby wa London kwa mtambo wa Mauser wa Kijerumani, yenye risasi ya gramu 11 hivi. Waingereza waliiita .275. Alizitumia zote mbili kwa ndovu, zamu kwa zamu, akilinganisha. Aligundua kwamba risasi ikifika panapotakiwa, ndovu alianguka vile vile kwa bunduki zote mbili. Isipofika, hakuna hata moja iliyofaa. Basi akaendelea na nyepesi.

Pengine msomaji atajiuliza iliwezekanaje risasi ya gramu 11 kupenya kichwa cha mnyama wa tani 5. Chukua sindano ya kushonea magunia. Ni nyembamba, lakini ni ndefu na ngumu, ndiyo maana inapita kwenye gunia ambalo kidole chako chenye nguvu zaidi hakipiti. Risasi ya milimita 7 ya siku hizo ilikuwa ndefu kwa upana wake, na Bell alitumia zile zilizovikwa koti gumu mwili mzima, zisizotanuka zikigonga mfupa. Zilikwenda moja kwa moja bila kupinda. Risasi yenye ncha laini, ambayo hutanuka ndani ya mwili, inawafaa swala na wanyama wa ngozi nyembamba. Kwa ndovu huishia kwenye sega la mfupa.

Kulikuwa na faida nyingine ambazo wauza bunduki wa London hawakuzitaja. Bunduki ndogo haina mlio mkubwa wa kutisha kundi zima. Ndovu aliyepigwa kwenye ubongo hutua chini taratibu kwa magoti, na wenzake mara nyingi hawakuelewa kilichotokea, wakabaki wamesimama. Bunduki ya mitutu miwili ina risasi mbili, halafu ujaze upya. Mauser ina tano. Tena masanduku ya risasi ndogo ni mepesi kwa wapagazi wa safari ya miezi kadhaa.

Kila kazi na kipimo chake

Isidhaniwe kwamba Bell aliabudu kaliba moja. Mwanzoni mwa safari za Karamoja alitumia .303, na ilimfaa. Alijaribu pia Mannlicher ya milimita 6.5, nyepesi kuliko zote, na akaipenda sana. Aliiacha kwa sababu ya matatizo ya risasi zilizopatikana kwa ajili yake. Anayenunua pikipiki mpakani anaielewa sababu hiyo: chombo kizuri kisicho na vipuri vya kuaminika kitakulaza njiani. Risasi za Kijerumani za milimita 7 hazikumwangusha, na hiyo peke yake ilikuwa nusu ya uamuzi wake.

Baadaye, katika safari za Afrika Magharibi na ya Kati, alitumia pia .318 ya Westley Richards, yenye risasi nzito kidogo. Alipohitaji nyama ya kuwalisha watu wake aliwahi kuwaangusha nyati 23 kwa bunduki ndogo ya kaliba .22 ya Savage, akiwapiga kwenye mapafu. Inasimuliwa kwamba mara moja, akiwa Jinja kando ya Ziwa Victoria, alimaliza shehena ya risasi za .318 kwa kuwapiga ndege waliokuwa wakiruka juu ya maji, na waliotazama walidhani anatumia bunduki ya marisau.

Jumla ya ndovu aliowaua katika maisha yake ni 1,011. Kiasi cha 800 kati yao waliangushwa kwa ile bunduki ya milimita 7. Siku moja peke yake aliwaua 9, na pembe zao zilipita kilo 600.

Ni lazima niseme wazi kwamba jibu la Bell lilimfaa Bell. Alikuwa akilenga kwa bunduki tupu kila siku, mkono ukazoea. Alilijua fuvu kutoka kila upande. Mtu asiye na ujuzi huo akishika risasi ndogo atamjeruhi mnyama na kujihatarisha yeye mwenyewe na wenzake. Ndiyo maana nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa kitalii ziliweka sheria kwamba kwa ndovu na nyati kaliba isipungue .375. Sheria hutungwa kwa ajili ya watu wa kawaida.

Lado, nyumbani kwetu

Sasa nifike mahali panaponihusu. Ukingo wa magharibi wa Mto Nile, kutoka Ziwa Albert hadi karibu na Juba ya leo, ulikodishwa na Waingereza kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894. Uliitwa Lado. Mkataba ulisema ataushika kwa maisha yake tu. Leopold alifariki Desemba 1909, na katikati ya mwaka 1910 Lado ikarudishwa Sudan. Miaka michache baadaye sehemu yake ya kusini iliingizwa Uganda, ndiyo West Nile ya leo.

Katika siku za mwisho za Leopold na miezi ya makabidhiano, Lado ilikuwa kama duka ambalo mwenyewe amekufa na mrithi hajafika. Wawindaji walivuka Nile kutoka upande wa Uganda kwa mitumbwi, wengine usiku, wakaua ndovu na kurudi na pembe. Bell naye aliwinda Lado miaka hiyo. Ilikuwa moja ya mavuno yake makubwa.

Sisi ni watu wa Kajo Keji, ndani ya Lado hiyo. Babu yangu alinionyesha, nikiwa mdogo kabla hatujakimbia, bonde ambalo baba yake aliwaona ndovu wakishuka kunywa maji, kundi baada ya kundi, siku nzima. Nilitazama bonde lile nikaona mbuzi. Ndovu wa kwanza niliyemwona mimi katika maisha yangu alikuwa mchoro katika kitabu kisicho na jalada, mkononi mwa mtoto mkimbizi, uliochorwa na mtu aliyewaua.

Nilipokuwa mtoto sikuliona tatizo. Nilikuwa upande wa Bell. Nilihesabu naye, nikatembea naye, nikafurahi kila risasi ilipofika. Ni baada ya kurudi nyumbani mwaka 2006, baada ya mkataba wa amani, nilipopita tena kwenye bonde la babu nikiwa mtu mzima, ndipo nilipoielewa ile namba 1,011.

Vita, ndege na uzee

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 Bell alirudi Uingereza, akajifunza urubani na kuingia katika kikosi cha ndege. Alirushwa kuja Afrika Mashariki, akawa rubani juu ya Tanganyika wakati Waingereza walipopigana na Wajerumani. Inasemekana alipenda kuruka peke yake, bila mwenzake wa kumwangalizia, kwa sababu mtu huyo alimzuia kulenga vizuri. Baadaye alipelekwa upande wa Balkani, na alitunukiwa nishani ya Military Cross.

Baada ya vita aliwinda tena kwa muda katika Afrika ya Kati, kisha akastaafu Scotland, katika shamba lake la Corriemoillie, yeye na mkewe Kate. Huko alijengewa jahazi la mashindano na kuliita Trenchemer. Alichora, akaandika. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1923, cha pili, kinachohusu Karamoja, mwaka 1949. Hata uzeeni, alipowinda paa wakubwa wa milima ya kwao, alichagua kaliba .220, ndogo kabisa lakini yenye kasi kubwa. Alifariki mwaka 1954. Kitabu cha tatu kilitolewa mwaka 1960 kutokana na maandishi aliyoyaacha.

Yaliyobaki Karamoja

Mwaka 1911 serikali ya Uganda ilipeleka askari Karamoja, ikawafukuza wafanyabiashara wa pembe na kuifunga nchi hiyo. Pembe zilikuwa zimekwisha kupungua. Bunduki hazikupungua. Gras za Wahabeshi zilichakaa, zikaja nyingine. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na wizi wa ng'ombe uliokuwa ukifanywa kwa mikuki ukawa wa risasi. Serikali ilianza kukusanya silaha hizo mwaka 2001, na tena kwa nguvu zaidi mwaka 2006. Milio tuliyokuwa tukiitaja majina Kakuma usiku ilikuwa na historia ndefu kuliko tulivyojua.

Ndovu wa Karamoja wamesalia hasa kaskazini, katika hifadhi ya Kidepo iliyoanzishwa mwaka 1962, kwenye mpaka na Sudan Kusini. Biashara ya kimataifa ya pembe zao ilipigwa marufuku mwaka 1989. Mzigo uliomtajirisha Bell, leo ukikutwa nao pale Elegu unakwenda jela.

Basi nimjibu mzee wangu wa samaki. Kijana wa pili ndiye aliyekuwa na haki. Silaha huchaguliwa kwa kazi yake, kwa uzito wake, kwa risasi zinazopatikana, na zaidi ya yote kwa ujuzi wa anayeishika. Bell alilithibitisha hilo kuliko mtu mwingine yeyote, katika nchi yetu.

Lakini yule kijana wa kwanza naye nisimwache hivi hivi. Yeye aliogopa risasi kubwa, kama tulivyoogopa sote, akadhani ndogo ina nafuu. Ndovu wa bonde la babu yangu hawakumalizwa na kaliba .600 na kelele zake. Wengi wao waliondolewa na watu waliojua kazi yao, na mmoja wao aliyeijua kuliko wote alitumia risasi nyembamba kama kidole cha mtoto, bila haraka, na ng'ombe jike akimlipa kwa uaminifu aliyemwonyesha njia.

Kitabu chenyewe sinacho tena. Kilibaki Kakuma, na natumaini kuna mtoto mwingine anakisoma. Gazeti hili nitalikata ukurasa huu na kuuacha kwa mwenye kibanda cha chai, ampe mzee atakapopita na samaki wake.